Msomaji Namba Arobaini na Moja

Wardah Abdillahi hakukubali kuketi mpaka mlango wa ofisi ufungwe. Ulipofungwa, akaomba na dirisha nalo lifungwe. Inspekta Nyamvula alilifunga bila kuuliza, ingawa joto la Kisauni lilikuwa limekwisha kuingia hata kabla ya saa tatu asubuhi. Miaka kumi na tisa ya upelelezi ilimfunza kuwatambua waoga wa uongo, wale wapigao kelele mpaka kaunta nzima isikie. Huyu mwalimu wa sekondari alisema kwa sauti ya chini, na mkoba wake aliukumbatia kwa mikono miwili.

"Haya, mwalimu. Nani anakutisha?"

"Simjui, Inspekta. Ningemjua ningelala."

Alitoa kitabu mkobani akakiweka mezani. Jalada lilikuwa la buluu, jina lake *Mgeni wa Uani*, na chini yake jina la mwandishi: Fundo.

"Fundo ni mimi," Wardah alisema. "Anajua mchapishaji wangu, na sasa wajua wewe. Hata mamangu, kule Likoni, hajui."

Nyamvula alikuwa amekisikia kitabu hicho redioni. Kilikuwa kati ya vitabu vitano vilivyobaki katika kuwania Tuzo ya Kalamu ya Taifa, na mwaka huu kamati ilikuwa imeamua kwamba maoni ya wasomaji yahesabiwe. Wasomaji walikusanywa Kisauni, Changamwe na Likoni, wakasomewa sura za kila kitabu, kisha kila mmoja akapewa kijikaratasi aandike lake. Nakala za vijikaratasi zikatumwa kwa waandishi katika bahasha.

Wardah alipokea mia moja na arobaini. Mmoja alisifu jalada. Mmoja aliandika kwamba huyo Fundo hawezi kuwa mtu wa pwani, maana katika sura ya pili mgeni anaondoka bila hata kuambiwa karibu chakula. Mwingine alitaka kujua kama mhusika mkuu ana mke.

"Kisha kuna hiki," Wardah akasema, akakisukuma mezani kwa ncha ya kidole.

Pembeni palikuwa pamechapwa L 41, na Wardah alidhani L ni Likoni. Maandishi yalikuwa makubwa na ya taratibu.

*Sura ya tisa si kweli. Yule bwana hakutupwa shimoni na viatu vyake kama mbwa. Alioshwa, akakafiniwa kwa sanda tatu na karafuumaiti, akalazwa ubavu wa kulia kuelekea kibla. Mwandishi ajitokeze. Nataka kumtazama usoni.*

Nyamvula alikisoma mara mbili. Vinyweleo vya mikono vilimsimama, naye hakupenda jambo hilo limpate mbele ya mlalamikaji.

"Hebu nieleze kisa cha kitabu. Kwa ufupi."

"Bwana mmoja anasemekana amesafiri kwenda Uarabuni. Watu wanangoja barua. Kumbe hajavuka hata mlango wa nyumba. Yumo uani, kwa jirani, ndani ya shimo la taka."

"Ulikibuni?"

"Nilidhani nimekibuni. Nilikuwa na miaka minane, nina surua. Ilikuwa Ijumaa adhuhuri, wanaume wote wako msikitini, mtaa kimya. Nikasikia jembe likichimba. Lilichimba muda mrefu. Nilipopona, kila mtu aliniambia ni homa ile. Nami nikakubali, mpaka nilipoanza kuandika."

"Lilichimba kwa jirani?"

"Niliandika kwa jirani."

"Nimekuuliza lilichimba wapi."

"Nilikuwa na homa, Inspekta."

Hilo halikuwa jibu. Nyamvula aliliandika vilevile kama lilivyotamkwa, akalipigia mstari.

"Kwa hivyo kuna mtu amezikwa kweli," Wardah aliendelea. "Na aliyemzika amesoma kitabu changu. Na kesho saa sita mchana jina langu linatangazwa. Kanuni ya saba: mwandishi aruhusiwa jina la kalamu mpaka hatua ya vitabu vitano, kisha hutajwa kwa jina la kitambulisho na mahali anapokaa."

"Si ujitoe?"

"Kanuni ya nane. Anayejitoa naye hutajwa, ili umma ujue. Wamenifungia huku na huku. Naogopa, Inspekta. Tangu juzi naogopa hata kumfungulia muuza maziwa."

"Kuna mtu unayemshuku?"

Alimtaja mmoja tu. Waleed, mwandishi mwenzake katika wale watano, ambaye alikuwa ameiandikia kamati barua mbili akidai Fundo atajwe mara moja au atolewe.

* * *

Waleed alikuwa na duka la madaftari na kalamu karibu na Mkomani. Nyamvula alimkuta ameketi nyuma ya kaunta, ameunyoosha mguu wa kushoto juu ya stuli. Ulikuwa ndani ya plasta mpaka gotini.

"Barua ni zangu, sikatai," alisema kabla hajaulizwa mara ya pili. "Sisi wanne tumetaja majina yetu, tumetukanwa kwa majina yetu. Yeye nani hata ajifiche? Kanuni ni kanuni."

"Ulikwenda Likoni siku ya wasomaji?"

"Kwa mguu huu? Wiki ya tatu leo. Nilianguka kwenye ngazi za kwangu mwenyewe, mke wangu shahidi, daktari shahidi. Feri ningeivuka nikibebwa kama gunia."

Nyamvula alimwekea kijikaratasi mbele yake, akamtazama macho. Alikuwa amewaona wengi wakisoma maandishi yao wenyewe na kujifanya wageni. Waleed alisoma, akakunja uso, akasoma tena. Kisha akafanya jambo ambalo mwenye hatia hulisahau: akakasirika kwa niaba ya fasihi.

"Mimi nililalamikia sura hiihii! Maiti ndani ya shimo la taka, joto la Mombasa hili, mtaa mzima usisikie harufu? La kuvunda halina ubani, Inspekta. Haiaminiki. Lakini huyu..." Alikigonga kijikaratasi kwa ukucha. "Huyu si msomaji wa riwaya."

"Kwa nini?"

"Msomaji wa riwaya husema ingefaa hivi, husema haiaminiki. Huyu asema si kweli. Anamsahihisha mwandishi kama vile wote wawili walikuwapo." Kidogo kidogo hasira ikamtoka usoni. Akamrudishia karatasi haraka. "Ichukue, tafadhali. Na ile barua yangu ya pili, naweza kuiondoa?"

"Umechelewa, ndugu yangu."

* * *

Ofisi ya tuzo kwa upande wa pwani ilikuwa chumba kimoja cha kukodi Changamwe, juu ya duka la vipuri vya malori. Purity, karani wake, alikuwa ametoka Nyeri mwaka mmoja uliopita, na bado alikuwa na feni mbili.

"Hiyo L ni Likoni, afande," alisema, akionyesha herufi iliyochapwa pembeni. "K ni Kisauni, C ni huku kwetu. Namba ni vile zilitolewa, moja kuendelea."

"Nani alipewa arobaini na moja?"

"Hapo sasa sina jibu. Majina hatuandikangi. Rules zinasema msomaji awe huru kusema yake."

"Mlizigawa namna gani?"

Purity alifungua droo akatoa kijitabu cha vishina. Alilamba kidole, akahesabu. "Likoni walituomba tukae mara mbili. Wamama asubuhi, wanaume baada ya saa kumi. Tulikubali, ni kwao. Wamama walichukua kutoka moja hadi hamsini na saba. Halafu wanaume."

Nyamvula aliacha kuandika. Tangu asubuhi alikuwa akimwona kichwani mwanamume, mwenye jembe, mwenye mabega. Picha hiyo ilimtoka mara moja, na iliyokuja mahali pake ilimtisha zaidi.

"Kwa hivyo arobaini na moja ni mwanamke."

"Lazima."

"Unamkumbuka yeyote?"

"Kuna mmoja." Purity alipunguza feni ili asikike. "Mimi ndiye nilikuwa nasoma. Nikifika sura ya tisa, pale kwa viatu, mama mmoja akasimama akaenda nje. Nikadhani ni joto. Akarudi, macho mekundu, akaniomba kalamu kwa heshima tu. Aliandika polepole sana. Halafu akaniuliza, huyu mwandishi atatajwa lini? Nikamwambia Alhamisi saa sita."

"Kesho."

"Eeh, kesho. Lakini afande, na mimi nina shida yangu. Kanuni ya tano. Kitabu lazima kiwe cha kubuni. Hii karatasi inasema si cha kubuni, na mwenyekiti ameiona. Anataka nimpe jibu leo kabla ya ofisi kufungwa. Kama ni kweli, kitabu kinatoka."

"Utalipata," Nyamvula alisema, na alipokuwa akishuka ngazi alijiuliza ni nani atakayeumia kwa jibu hilo.

Aliketi garini bila kuwasha injini. Yeye mwenyewe alikuwa Mdigo wa Likoni, binti wa watu wa shamba na msikiti, na mambo haya hakuyasoma kitabuni. Mwanamume huoshwa na wanaume. Mwanamke haoshi maiti ya mwanamume, isipokuwa mmoja tu mwenye haki hiyo bila kuulizwa na mtu: mkewe. Aliyeandika kijikaratasi alizijua sanda tatu, aliijua karafuumaiti, alijua mwili ulilalia ubavu upi. Alikuwa na uchungu wa kuambiwa kwamba kazi hiyo haikufanywa. Mtu mwingine yeyote angenyamaza, na kunyamaza kungemlinda. Huyu hakuweza. Afadhali akamatwe kuliko nchi nzima isome kwamba mumewe alizikwa kama mnyama.

Nyamvula alikumbuka jibu alilolipigia mstari: mtoto mgonjwa kitandani husikia jembe la uani kwao. Akampigia Wardah.

"Mwalimu, babako yuko wapi?"

Upande wa pili kulikuwa na kelele za watoto, kisha mlango ukafungwa. "Baba alikwenda Uarabuni nilipokuwa mdogo. Hakurudi."

"Kabla ya ile surua, au baada yake?"

Kiti kilikwaruza sakafuni.

"Mwalimu?"

"Nilipopona, alikuwa ameshasafiri."

"Na mamako? Baada ya hapo alikuwaje?"

"Aliugua. Miezi minne na siku kidogo hakukanyaga mlangoni, mimi ndiye niliyetumwa dukani. Alivua dhahabu zake zote. Wanja hakutia, hina hakutia. Siku moja nilimpaka mafuta ya udi ya jirani mkononi, nikimchezea, akalia akaenda kuosha. Alisema harufu zamwumiza kichwa. Kwa nini wauliza?"

Miezi minne na siku kumi. Watoto hawajui kuihesabu, na majirani walikuwa wameambiwa ni maradhi. Siri ya mtungi aijuaye kata.

"Nitakupitia," Nyamvula alisema. "Twavuka Likoni."

* * *

Nyumba ya Bi Mwanasaumu, mamake Wardah, ilikuwa ndani ya vichochoro upande wa Mtongwe, ukuta wa mawe, paa la mabati. Sala ya alasiri ilikuwa imekwisha. Nyamvula alimwacha Konstebo Hassan kwenye kichochoro, akamwambia asiingie mpaka aitwe, na asichelewe akiitwa.

Njiani Wardah hakuuliza tena. Kwenye feri alikuwa amesimama ameshika chuma kwa mikono yote miwili, macho chini. Sasa, mlangoni kwa mamake, alisema neno moja tu, "Inspekta," kama anayeomba warudi.

"Hodi!"

"Karibuni! Ndooni ndani, ndooni." Bi Mwanasaumu alitoka na buibui mabegani, mwanamke mwembamba wa miaka sitini hivi. "Wardah! Mbona siku ya kazi, mwanangu? Kuna nini?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na mgeni ni nani?"

"Ni... ni rafiki, mama."

Walipitishwa mpaka uani penye kivuli. Huko alikuwako Mansur, nduguye Bi Mwanasaumu, mjomba wa Wardah, aliyehamia nyumba ile mwaka uleule Abdillahi aliposafiri. Alikuwa akipasua kuni. Alijibu salamu vizuri, akaendelea na shoka lake.

Nyamvula alitazama ua. Jiko, kamba ya nguo, pipa la maji. Na katikati, tuta la mrehani, limestawi, limezungushiwa mawe meupe. Kila kitu pale kilifuata ukuta, na ukuta ulifuata kichochoro. Tuta peke yake halikufuata. Lilikaa mshazari, likikata ua, hata mwenye kwenda jikoni alilazimika kulizunguka. Nyamvula aliinua macho akautafuta mnara wa msikiti ambao alikuwa amepita mbele yake, akakumbuka mihrabu yake ilitazama wapi. Ubavu wa tuta ulitazama hukohuko. Urefu wake ulikuwa urefu wa mtu.

Wardah alikuwa amekulia katika ua huu. Alikuwa amelizunguka tuta hilo miaka ishirini na mitatu.

"Mrehani umependeza, mamangu," Nyamvula alisema.

"Alhamdulillahi. Naunyunyizia maji."

"Kila Ijumaa?"

Mkono wa Bi Mwanasaumu ulisimama kwenye pindo la buibui. Shoka nalo likasimama.

"Wewe ni nani, mwanangu?" bibi aliuliza taratibu.

"Inspekta Nyamvula, wa upelelezi. Sikuja kukufedhehi. Nina swali moja, na ukitaka usilijibu. Mwaka ule bwanako aliposafiri, uliketi ndani miezi minne na siku kumi. Mke wa msafiri haketi eda ya mjane, mamangu. Uliketi eda ya nani?"

"Mwanasaumu, nyamaza," alisema Mansur.

Alikuwa amesimama. Alikuwa mzee, lakini shoka lilikuwa mkononi mwake, na lilikuwa karibu na Wardah kuliko na Nyamvula. Nyamvula alihesabu hatua: tatu. Alimwona Wardah akirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Mjomba," Wardah alisema. "Mjomba, weka chini."

"Wewe hujui kitu. Huyu ataka kutufukua."

"Hassan!" Nyamvula aliita bila kuyaondoa macho kwenye shoka.

Lakini aliyefika kwanza ni Bi Mwanasaumu. Alimwendea nduguye pole pole, akalishika shoka kwenye mpini, juu ya mkono wake. "Nimenyamaza miaka ishirini na mitatu kwa ajili yako, Mansur. Basi. Nimechoka, wallahi. Lete."

Mansur alimtazama. Akaachia. Hassan alipoingia mbio, mzee alikuwa ameketi juu ya kuni, viganja vimefunika uso, na pingu zilimkuta hapo.

"Abdillahi alikuwa na mkono mwepesi," Bi Mwanasaumu alisema, akimtazama Nyamvula, kwani hakuweza kumtazama bintiye. "Siku ile alinishika koo jikoni. Mansur akaingia akampiga na mchi. Mara moja. Kisha hakukuwa na mtu wa kuita. Mansur akachimba watu wakiwa msikitini. Lakini kumwosha nilimwosha mimi. Nikamwambia Mansur, alinitesa lakini ni mume wangu, hatoki hapa hivihivi. Sanda nilikata mimi. Nikamsalia. Sikumtupa. Mungu ajua sikumtupa."

"Na kijikaratasi?"

"Ni changu. Yule msichana alisoma maneno yale mbele ya watu. Viatu! Nikamvua viatu kwa mikono hii! Nilitaka kumwona aliyeandika. Nimwulize tu, nani alimwambia uongo ule."

Wardah alikuwa bado ukutani. Hofu aliyoileta Kisauni asubuhi ilikuwa ya mtu asiyemjua, mwenye kumvizia mlangoni. Sasa alikuwa anamwogopa mtu aliyemnywesha uji akiwa na surua, na hofu hii ilikuwa mbaya zaidi, maana haikuwa na mlango wa kufunga.

"Mama," alisema. "Fundo ni mimi."

Bi Mwanasaumu aligeuka. Alimtazama usoni muda mrefu, kama alivyokuwa ameomba. Kisha akamsogelea, akamwekea kiganja kwenye paji la uso, vile apimwavyo mtoto joto.

"Kumbe siku ile hukulala," alisema.

Wardah alilia hapo, kwa sauti, na mamake akamshika asianguke. Nyamvula aligeuka akatazama kamba ya nguo. Alikuwa ameshafunga kesi nyingi, na hakukumbuka nyingine iliyomfanya atamani mlalamikaji asingekuja.

Simu yake ililia. Ilikuwa Purity. Nyamvula alitaka kuizima, lakini Wardah alikuwa ameliona jina, akanyoosha mkono. Nyamvula akampa.

"Afande, pole kukusumbua, mwenyekiti yuko hapa kwa laini. Anauliza kile kitabu ni cha kubuni ama ni kweli? Tukiache ama tukitoe?"

"Si afande. Ni mimi mwandishi," Wardah alisema. "Jina langu ni Wardah Abdillahi. Andika, usingoje kesho. Kitoeni."

"Kwa hivyo ni kweli? Chote?"

Wardah alilitazama tuta la mrehani, mawe yake meupe, na ndoo ndogo ya maji iliyokuwa kando yake siku zote.

"Sura ya tisa tu ndiyo niliyoibuni," alisema. "Na hiyo naiombea radhi."